Mbwa Anayesikia: Utii na Mchezo wa Vizuizi kwa Vikundi Vyetu

Vikundi vingi vinavyosoma kurasa hizi vimekwisha kujifunza juu ya mbuzi wa maziwa, mizinga ya nyuki, kuku na sungura. Lakini yuko mnyama mmoja anayepatikana karibu katika kila boma na hakuna anayeuliza habari zake. Huyo ni mbwa. Anakula makombo, anakesha usiku kucha, na somo analolijua sana ni kutupiwa jiwe. Halafu sisi tunamtarajia ajue mwenyewe tofauti ya mwizi na katekista aliyekuja kumtazama mgonjwa!

Baadhi ya wanavikundi watasema kufundisha mbwa ni mchezo wa matajiri wa mjini. Sisi hatukubali, na tunayo sababu moja kubwa. Sababu hiyo ni chanjo.

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa hapa Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja kandokando ya Nairobi, na mpaka leo kinaua watu wetu, hasa watoto. Mwaka 2014 serikali ilizindua mpango wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya kila 100 katika eneo wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kusambaa. Basi siku ya chanjo inatangazwa kanisani na kwenye baraza la chifu, daktari wa mifugo anafika na friji yake ndogo, na mwenye mbwa anakuja peke yake, mikono mitupu. Ukimuuliza, anasema mbwa alikataa kamba akatorokea kwenye mahindi. Mwingine ametuma kijana wa miaka kumi anayemburuta mbwa kwa waya, na mbwa anapofika pale amekwisha kuwa mkali kiasi kwamba hakuna anayethubutu kumshika. Mbwa wa namna hiyo hurudi nyumbani bila sindano, na ndiye huyo huyo anayeuma watu njiani. Ndiyo maana tunasema mbwa aliyefunzwa kutembea na kamba na kukubali kushikwa ni mbwa aliyekwisha kuchanjwa nusu.

Kabla ya kuendelea, neno kwa wale ambao wameumwa au watoto wao wameumwa. Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, usipake pilipili wala majani, na uende hospitali siku hiyo hiyo. Sindano ni zaidi ya moja, na zote zimalizwe hata kama kidonda kimepona. Dalili za kichaa zikishatokea kwa mtu, hakuna dawa.

Sasa tuje kwenye mafunzo yenyewe. Mashindano ya utii wa mbwa, kama yanavyojulikana siku hizi, yalianza Marekani mwaka 1933. Mama mmoja, Helene Whitehouse Walker, alifuga mbwa wa aina ya pudo, wale wenye manyoya ya kujisokota, na watu walikuwa wakimcheka kwamba mbwa wake ni mapambo tu. Akaandaa mtihani pale Mount Kisco, karibu na New York, ili kuonyesha kwamba mbwa yeyote ana akili akifundishwa. Mwaka 1936 chama kikuu cha mbwa cha nchi hiyo kikaupokea mtihani wake. Alama zote ni 200, na mbwa hafaulu asipopata 170 na zaidi ya nusu ya alama katika kila zoezi. Mazoezi ya chini ni haya haya ambayo sisi tunayataka kijijini: kutembea kando ya mwenyewe bila kuvuta, kuja akiitwa, kusimama akaguliwe na mwamuzi, na kukaa alipoachwa.

Mchezo wa vizuizi ulikuja baadaye, Uingereza. Februari 1978, katika maonyesho makubwa ya Crufts mjini London, waandalizi walitaka kitu cha kuwachangamsha watazamaji wakati wa mapumziko. John Varley, mmoja wa kamati, na Peter Meanwell, mwalimu wa mbwa, wakaiga mbio za farasi za kuruka viunzi, ila wakatumia mbwa. Watu walipenda mno, na mwaka 1980 mchezo ukawa na sheria rasmi. Siku hizi unachezwa katika nchi nyingi. Mbwa anaruka viunzi, anapita ndani ya bomba la kitambaa, anapanda daraja jembamba, anapita katikati ya fito zilizosimamishwa kwa mstari, na yote hayo bila kamba. Mwenyewe anakimbia pembeni na kumwongoza kwa mkono na kwa sauti tu. Haruhusiwi kumgusa.

Hapa Kenya, chama cha East Africa Kennel Club cha Nairobi kimeandaa maonyesho ya mbwa kwa miaka mingi, na polisi wetu wanao mbwa waliofunzwa kunusa na kufuata nyayo. Wengi wa mbwa hao ni wa ukoo wa kigeni. Lakini msidanganyike: mbwa wetu wa kawaida, huyo tunayemwita koko, ana miguu myepesi na akili ya kutosha kabisa. Anachokosa ni mwalimu.

Mbwa hujifunza namna gani? Jibu ni fupi: hurudia jambo lililomletea faida, huacha lisilomletea kitu. Na faida hiyo lazima ije papo hapo, sekunde moja au mbili baada ya tendo. Mbwa hakumbuki kwamba kiboko cha jioni ni kwa ajili ya yai aliloiba asubuhi. Watu wengi huharibu mbwa kwa jambo moja: wanamwita "njoo", naye akija kwa unyenyekevu, wanampiga kwa kosa la zamani. Mara ya tatu mbwa amejifunza kwamba "njoo" maana yake ni kiboko, na hapo utamwita mpaka sauti ikauke. Usimwite mbwa kamwe ili umwadhibu.

Zawadi si lazima iwe nyama ya kununua. Omena mmoja mkavu aliyekatwa vipande vitatu anatosha masomo matatu. Kipande cha ugali kidogo kama punje ya hindi kinafaa pia kwa mbwa mwenye njaa ya kiasi. Fundisha kabla ya chakula, si baada yake. Somo liwe la dakika tano, asubuhi na jioni. Mkizidisha, nyote wawili mtachoka na kukasirikiana. Chagueni neno moja kwa kila jambo, na watu wote wa nyumbani walitumie hilo hilo. Baba akisema "keti", mama akisema "kaa chini", na mtoto akisema "sit" kama alivyosikia shuleni, mbwa atawatazama tu. Lugha yenyewe haina shida, iwe Kikamba, Kiluo au Kiswahili, mradi isibadilike.

Anzeni na "keti". Shika kipande cha omena mbele ya pua, kisha kipeleke polepole juu ya kichwa kuelekea nyuma. Pua ikifuata juu, makalio yanashuka yenyewe. Yakigusa ardhi tu, sema "vizuri" na umpe. Usimkandamize mgongo kwa mkono. Akiweza mara nane kati ya kumi, ndipo uanze kulitaja neno kabla ya tendo. Kwa "njoo", tafuta kamba ndefu ya mita kumi ili asipate nafasi ya kukupuuza. Mwite mara moja, chuchumaa, na akifika mshangilie kama mgeni aliyetoka safari. "Ngoja" ifundishwe kwenye sufuria yake ya chakula: shika sufuria juu, teremsha polepole, akijirusha inue tena, akitulia iweke chini na umruhusu. Zoezi hili dogo limo miongoni mwa yale tunayoyathamini sana, kwa sababu watoto wengi huumwa karibu na chakula cha mbwa.

Kutembea na kamba kunahitaji subira kuliko nguvu. Tumieni mkanda mpana wa shingo, wa ngozi au kitambaa kigumu, kamwe si waya. Kamba ikikaza, simama kama mti. Ikilegea, endelea kutembea. Siku ya kwanza mtatumia nusu saa kufika kwenye lango, na majirani watacheka. Waacheni wacheke.

Halafu kuna somo ambalo vitabu vingi hulipitia haraka, ila sisi tunaliweka mbele ya yote: kukubali kushikwa. Kila siku mguse masikio, mfungue mdomo kidogo, inua kila mguu, na ushike ngozi ya begani uifinye kidogo, pale sindano inapodungwa. Kila mara mpe kipande. Baada ya wiki tatu mwombe jirani afanye vivyo hivyo huku wewe umeshika kamba. Kama mbwa amekwisha kuuma mtu, au ananguruma akiguswa, msijaribu wenyewe. Mwiteni afisa wa mifugo awashauri. Na watoto wadogo wasifundishe mbwa bila mtu mzima karibu.

Sasa kikundi kitafanya nini? Tengenezeni uwanja wa vizuizi. Viunzi ni fito mbili zenye panda na ufito wa tatu juu yake, ukae ovyo ili uanguke ukiguswa, maana ukifungwa mbwa atavunjika mguu. Kwa mbwa mkubwa sentimita 50 au 60 zinatosha. Kwa mdogo, 25 mpaka 30. Bomba la kupitia linashonwa kwa magunia juu ya pete za fito laini. Fito za kupindapinda zisimame sita, zikiachana sentimita 60, na mbwa aingie ufito wa kwanza ukiwa upande wa bega lake la kushoto, kama sheria za kimataifa zinavyotaka. Tairi kuukuu linaning'inizwa, lakini kwanza likaguliwe lisiwe na nyaya zilizochomoza. Ubao mpana wa sentimita 30 unawekwa juu ya gogo upande mmoja uwe mteremko. Mwisho wa ubao upakwe chokaa, na mbwa lazima akanyage palipopakwa kabla ya kushuka. Hii si urembo: inamzuia kuruka kutoka juu na kujiumiza.

Mbwa asirushwe viunzi kabla hajatimiza mwaka, kwa sababu mifupa bado ni laini. Kule Uingereza haruhusiwi kushindana kabla ya miezi 18. Akiwa mdogo, ufito ulazwe chini auruke kwa hatua tu.

Siku ya mashindano tunashauri iwekwe wiki mbili au tatu baada ya siku ya chanjo ya mtaa, na kiingilio kiwe kadi ya chanjo. Asiye na kadi anatazama tu. Mkipenda tarehe inayokumbukwa na wengi, 28 Septemba ni siku ya kimataifa ya kichaa cha mbwa. Kila mbwa awe na kamba mpaka zamu yake, akae mita tano au zaidi mbali na mwenzake, na wanaosubiri wawe kivulini penye maji. Jike aliye katika joto abaki nyumbani, la sivyo hakuna mbwa atakayemsikiliza mwenyewe siku hiyo. Wako pia majirani Waislamu ambao hawapendi kuguswa na mate ya mbwa. Uwanja uwe mbali na njia yao, na hiyo ni adabu tu.

Kuhesabu ni rahisi: kila ufito ulioangushwa ni makosa matano, kukataa kizuizi ni matano, kuruka bila kukanyaga chokaa ni matano. Mwenye makosa machache ndiye mbele, na saa inatazamwa tu wakiwa sawa. Kwa hiyo mbwa wa polepole asiyekosea anamshinda mwenye mbio anayeangusha. Anayempiga mbwa wake uwanjani anatolewa hapo hapo, bila majadiliano. Na zawadi? Hapa wanakamati watabishana. Maoni yetu ni kwamba pesa isitolewe, kwani italeta kamari na viboko vya nyuma ya nyumba. Sufuria, jembe au debe la mahindi vinatosha.

Wenzetu wafugaji watauliza juu ya mbwa wa malisho. Huyo ni mzee kuliko mashindano yote. Kitabu cha Ayubu kinamtaja, na katika Kitabu cha Tobiti yumo mbwa aliyefuatana na kijana safarini. Nchini Namibia, tangu mwaka 1994, shirika la kuhifadhi duma, Cheetah Conservation Fund, limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa kulinda mbuzi, ili mfugaji asilazimike kuua duma. Siri yao ni kwamba mtoto wa mbwa hukulia zizini pamoja na mbuzi, si jikoni na watoto, akawahesabu kuwa ndugu zake.

Kwa wanaotarajia watoto wa mbwa msimu huu: msiwaachanishe na mama kabla ya wiki nane. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili waonyesheni watu wengi, baiskeli, kuku, mvua juu ya mabati, mzee mwenye fimbo, mtoto mwenye sare ya shule, kwa upole na kidogo kidogo. Sindano ya kichaa ni akitimiza miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka. "Keti" anaweza kuijifunza hata kabla ya hapo, kwa omena mmoja.