Fahamu: Zimwi la Mpira na Filamu za Gharama Haba

Aliyezoea kuketi katika kibanda cha video cha Arua au Koboko, nchini Uganda, ambako msimulizi, kipaza sauti mkononi, huifasiria hadhira kila kishindo cha zimwi, hatastaajabu kusikia kwamba Godzilla, zimwi la filamu ya Kijapani ya mwaka 1954, kwa uhaba wa wakati na fedha, alikuwa mwanadamu ndani ya vazi la mpira. Sanaa hiyo ya ufukara, ambayo vijana huienzi leo kwa filamu fupi, ina ndugu yake Wakaliga, Kampala, ambako mwongozaji Isaac Nabwana alitoa filamu *Who Killed Captain Alex?* mwaka 2010, kwa gharama isemwayo haikufika dola 200: bunduki za vyuma chakavu, na damu ya rangi ya chakula ndani ya kondomu. Zimwi hasa hamna katika filamu hiyo. Lakini helikopta ya kompyuta iliyomo, kwa insafu, yachekesha kuliko mijusi mingi ya Japani.