Hadithi, Sikio na Herufi

Je, kuna uhusiano gani baina ya hadithi ya Sungura na Fisi isimuliwayo jioni na uwezo wa mtoto kusoma? Wengi hudhani kwamba kusoma huanza siku mtoto anapokabidhiwa kitabu. Utafiti waonyesha kwamba huanza mapema zaidi, tena huanzia sikioni.

Herufi ni alama ya sauti. Mtoto asiyetambua kwamba neno limeundwa kwa vipande vya sauti hawezi kuelewa alama hizo zasimamia nini, atakariri tu. Pwani yetu ina mchezo wa kale wa kulichambua neno, uitwao kinyume. Silabi ya mwisho huhamishwa mwanzoni, hata "nyumba" ikawa "mbanyu". Mmisionari Edward Steere aliueleza mchezo huo katika kitabu chake cha hadithi za Waswahili kilichochapishwa London mwaka 1870. Mtoto achezaye kinyume amekwisha kulivunja neno na kulijenga upya kabla ya kushika kalamu.

Mwaka 1983 Lynette Bradley na Peter Bryant wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto wapatao 400 wenye umri wa miaka 4 na 5. Walioweza kulitambua neno lenye sauti tofauti na wenzake ndio, kwa jumla, waliosoma vizuri zaidi miaka iliyofuata. Aidha, watoto 65 waliokuwa dhaifu waligawanywa katika makundi. Kundi lililofunzwa kupambanua sauti na kuzioanisha na herufi za plastiki ndilo lililofanikiwa zaidi.

Matokeo hayo ni funzo na pia ni onyo. Hadithi huzoeza sikio na kuongeza msamiati, lakini hadithi pekee haifundishi herufi. Hapo ndipo mwalimu anapohitaji mafunzo. Msimulizi hodari atalifurahisha darasa. Mwalimu aliyefunzwa atatua penye kiitikio, awaambie watoto wapige kofi kwa kila silabi, kisha aliandike ubaoni neno lilelile. Atajua kwamba "mbuzi" lina makofi mawili ilhali "mtoto" lina matatu, ingawa yote huanza kwa herufi m. Atauliza pia, "Fisi atafanya nini sasa?", kwa kuwa kubashiri ni sehemu ya kufahamu yasomwayo.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014 iliamua kwamba mwaka mmoja wa elimu ya awali uwe wa lazima. Sheria yaweza kumleta mtoto darasani. Haiwezi kumpa mwalimu ujuzi. Vyuo vya ualimu havina budi kuuhesabu usimulizi kuwa mbinu ya kufundishia, wala si burudani ya kujazia kipindi.

Nawe mwanafunzi wa sekondari waweza kufanya uchunguzi mdogo nyumbani. Mwambie mdogo wako wa miaka 5 apige kofi kwa kila silabi ya jina lake, kisha aliseme kwa kinyume. Andika anayoyaweza na yanayomshinda. Akishindwa, usimcheke, msimulie hadithi nyingine kesho, kisha mrudie mchezo.