Punda wa Mefiboshethi

Asubuhi hii tufungue Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 19, kuanzia aya ya 24. Wengi wenu mwajua habari za Mefiboshethi mwana wa Yonathani: jinsi yaya wake alivyokimbia naye akiwa mtoto wa miaka mitano, akaanguka, akawa kiwete miguu yote miwili, na jinsi Mfalme Daudi alivyotuma watu wamlete kutoka Lo-debari, akamketisha mezani pake. Hapo ndipo mahubiri mengi hukomea. Lakini habari zake haziishii mezani.

Siku Daudi alipomkimbia Absalomu, Mefiboshethi hakuonekana. Mtumishi wake Siba alimwendea mfalme na punda wawili waliokwisha kutandikwa, akasema bwana wake amebaki Yerusalemu akitumaini kupewa ufalme. Daudi akasadiki, na papo hapo akampa Siba mali yote. Mfalme aliporudi, akakutana na mtu ambaye hakuwa ametengeneza ndevu wala kufua nguo tangu siku ile. Mefiboshethi akaeleza kwamba alitaka punda apande aende na mfalme, kwa kuwa ni kiwete, lakini mtumishi akamhadaa. Moyo wake ulikuwa kwa mfalme. Alichokosa ni punda.

Nami nimewahi kuwa Daudi huyo. Katika parishi moja niliyotumikia palikuwa na mama mmoja aliyekuja ibadani kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Akaacha kuja. Miezi ikapita, na katika kikao cha wazee jina lake likatajwa pamoja na waliopoa, nami sikupinga. Nilipomtembelea hatimaye, nilimkuta mlangoni akichambua mboga. Akanikaribisha kwa upole, kisha akasema, "Pasta, mnyororo ulikatika." Basi, ni hilo tu. Fundi wa baiskeli pale sokoni aliuunga kwa muda usiofika saa moja. Tulikuwa tumeomba kwa ajili ya imani yake robo mwaka nzima.

Kwa hiyo leo nataka tuzungumze juu ya punda: namna ya kumpata, na namna ya kumtunza.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vizuizi vya ulemavu wake. Si sadaka, ni haki. Liko pia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoanzishwa na sheria ya mwaka 2003, na maafisa wake wako katika kaunti. Njia ni hii: mtu hupimwa kwanza katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha huandikishwa na Baraza, ndipo aweze kuomba kifaa. Mimi niliwahi kumtuma kijana na barua yenye mhuri wa parishi, nikidhani yatosha. Haikutosha. Mhuri wangu haupimi mguu wa mtu. Afadhali ningalitoa nauli na mtu wa kumsindikiza hospitalini, maana safari hiyo ndiyo inayowashinda wengi. Kiko pia chama cha A.P.D.K., kilichoanza mwaka 1958, ambacho hutengeneza viti vya magurudumu na viungo vya bandia.

Jambo la kupimwa nalikazia. Tunapenda kununua kiti cha magurudumu, kukileta madhabahuni, kupiga picha na kushangilia. Kiti hakikupimwa na mtu yeyote. Kikiwa kipana mno, mtoto huketi upande mmoja na mgongo hupinda. Kisipokuwa na mto unaofaa, mtu asiyesikia maumivu makalioni hupata vidonda vya kukaa, na vidonda hivyo vikioza huweza kumwua. Nimemzika mmoja. Tena mtoto hukua. Kiti cha mwaka juzi si kiti chake leo.

Magongo nayo yana kipimo. Mtu akisimama wima, ncha ya juu ya gongo la kwapani iwe chini ya kwapa kwa upana wa vidole viwili au vitatu, na kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono. Uzito huchukuliwa na viganja. Anayejitundika kwa makwapa huumiza mishipa ya fahamu, mikono ikafa ganzi. Mpira wa ncha ukilika, ubadilishwe kabla ya mvua, si baada ya kuanguka.

Na si kila kifaa ni cha kununua. Ni nyumba ngapi za Wakristo zenye magongo chini ya kitanda, tangu kijana alipovunjika mguu akicheza mpira? Huyo alipona kwa wiki chache, na magongo yamekaa miaka. Umoja wa Akina Mama katika parishi ile walikusanya jozi tano kwa Jumapili mbili. Wakaweka daftari katika chumba cha mavazi: jina la mwazimaji, kijiji, siku ya kuchukua, na siku ya kurudisha. Jozi moja haikurudi. Nilipouliza, mwenyekiti akanijibu, "Labda mguu bado haujapona, Pasta," nami nikanyamaza. Hata hivyo, kiti cha mtu wa kudumu kisiazimwe ovyo, maana kimepimwa kwa mwili wake.

Yule mama alirudi kanisani. Ila mlango wetu ulikuwa na ngazi, na vijana walimnyanyua juu kama gunia, yeye akishika leso yake isivuke. Fundi alitwambia kwamba kwa kila futi moja ya kupanda, mteremko unahitaji futi 12 za urefu. Wazee wakasema utaharibu bustani ya maua. Tulibishana vikao vitatu. Maua yakang'olewa.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwona yule aliyeshushwa darini na watu wanne, utusamehe tuliowahesabu ndugu zetu kuwa wamekuacha, kumbe wamekosa njia ya kuja. Wiki hii utupeleke kwenye milango yao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.