Tope Lisilopitisha Maji

Mkulima wa mpunga kule Ruaruke au Mbuchi, kwenye delta ya Rufiji, hahitaji maabara ili ajue shamba lake likoje. Anaingia na kukanyaga. Mguu ukizama na kutoka na tope jeusi linalonata, anajua maji ya mafuriko yatatuama hadi mpunga ushike. Ukitoka na mchanga, anajua maji hayo yatakuwa yamepotea ardhini kabla ya wiki kwisha. Mfinyanzi wa vyungu naye hutafuta tope la aina hiyohiyo, kwa sababu hiyohiyo: chungu kinachovuja si chungu.

Sifa hiyo moja, ya udongo kukataa kupitisha maji, imewaleta pia watu wengine kwenye pwani hii ya Tanzania kwa zaidi ya karne moja. Wengine walikuja kutafuta mifupa, wengine makombe madogo kuliko punje ya mchele, na wengine gesi. Kila kundi lilijiona lina shughuli yake tofauti. Kwa maoni yangu wote walifuata kitu kimoja, udongo wa mfinyanzi uliotuama chini ya bahari.

Tuanze na bahari yenyewe. Katika zama za Jurasiki, zilizoanza miaka milioni 201 iliyopita na kwisha miaka milioni 145 iliyopita, Madagaska ilikuwa imeungana na pwani yetu. Kisha bara kuu la kusini likaanza kupasuka. Madagaska ikajitenga na kusogea polepole kuelekea kusini, na bahari ikaingia katika mwanya ulioachwa. Mito ya bara ikamwaga tope humo. Mchanga, kwa kuwa ni mzito, ulitua karibu na ufukwe. Chembe nyembamba za udongo zilisafiri mbali zaidi, zikatua taratibu mahali penye maji matulivu, pamoja na konokono, chaza na viumbe vingine vilivyokufa. Chini ya delta ya leo ardhi imeendelea kudidimia tangu wakati huo, ndiyo maana wilaya ya Kibiti imekaa juu ya kilomita kadhaa za mashapo. Udongo wa Jurasiki uko huko chini kabisa, ambako jembe halifiki.

Anayetaka kuuona kwa macho avuke daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji, lile la mita 970 lililofunguliwa mwaka 2003, aelekee kusini. Katika vilima vya Umatumbi atakuta chokaa ya Jurasiki iliyotobolewa na maji hadi ikazaa mapango makubwa kama Nang'oma. Kilwa, eneo la Makangaga, atakuta watu wakichimba jasi iliyomo katika miamba ya udongo ya zama hizohizo. Akifika Lindi na kupanda kilima cha Tendaguru, atakuwa amesimama juu ya moja ya hazina kubwa za visukuku duniani.

Habari za Tendaguru zimesimuliwa mara nyingi, ila kwa kawaida husimuliwa kama habari za dinosaria peke yake. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona mfupa mkubwa umejitokeza ardhini. Mwaka uliofuata akaja mtaalamu wa visukuku, Eberhard Fraas. Kuanzia 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin likaendesha uchimbaji chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Kazi ya mikono ilifanywa na mamia ya Watanganyika, na msimamizi wao mkuu, aliyesifika kwa ustadi wa kutoa mifupa bila kuivunja, alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa, ikabebwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Ilikuwa zaidi ya tani 200. Tukumbuke ni miaka gani hiyo: vita vya Maji Maji, vilivyoanzia hukohuko Umatumbi mwaka 1905, vilikuwa vimezimwa juzi tu, na kusini yote ilikuwa imetoka kwenye njaa kali. Watu waliobeba mifupa ile hawakuwa na kazi nyingi za kuchagua.

Jambo ambalo husahaulika ni tabaka zilizozunguka mifupa hiyo. Pale Tendaguru tabaka zenye mifupa ya dinosaria zinapishana na tabaka za bahari zilizojaa makombe, na wataalamu huzitambua tabaka hizo za bahari kwa majina ya makombe yenyewe. Bahari iliingia, ikarudi, ikaingia tena. Dinosaria waliishi na kufa kando ya vibwawa vya maji ya chumvi na nyanda za matope zinazofunikwa na maji kujaa na kuachwa wazi maji yakipwa. Yaani lilikuwa eneo linalofanana sana na Salale au Kiongoroni ya leo kwenye delta ya Rufiji, tofauti ni kwamba hapakuwa na mikoko, maana mimea yenye maua ilikuwa bado haijaenea duniani. Badala yake palikuwa na miti ya jamii ya misonobari. Tope lilifunika mizoga, likazuia hewa na maji, na mifupa ikadumu miaka milioni 150. Mmoja wa dinosaria hao, Giraffatitan, amesimamishwa Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi kichwani, na watu hulipa kiingilio kwenda kumwona. Hoja ya kumrudisha au kudai mgawo wa mapato imefika hadi bungeni Dodoma. Mimi naona swali la mifupa limemeza swali jingine lenye uzito zaidi, ambalo ni nani anayesoma udongo wetu, na kwa faida ya nani.

Kuhusu hilo mfano mzuri uko Kilwa, nao haujulikani sana hata Kilwa kwenyewe. Udongo wake una umri mdogo zaidi, sehemu yake kubwa ilituama baada ya dinosaria kutoweka, lakini ni udongo wa bahari uleule wa kijivu, unaoteleza mvua zikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka. Kuanzia mwaka 2002 timu ya watafiti iliyoongozwa na Paul Pearson kutoka Uingereza, ikishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, ilichoronga mashimo kati ya Kilwa na Lindi. Hayakuwa marefu, mengi hayakufika mita 150. Miongoni mwa wataalamu wetu alikuwamo Joyce Singano wa TPDC, bingwa wa visukuku vidogo, ambaye jina lake limo katika makala nyingi za kisayansi zilizotokana na kazi hiyo.

Walichokuwa wakitafuta ni foraminifera, viumbe vya chembe hai moja vinavyoishi baharini na kujijengea makombe ya chokaa. Makombe hayo hutunza kumbukumbu ya joto la maji yalimojengwa. Tatizo ni kwamba sehemu nyingi duniani, hasa kwenye sakafu ya bahari kuu, maji yaliyopenya kwenye mashapo yameyabadilisha makombe polepole, hivyo vipimo vyake hudanganya. Yale ya pwani yetu yalizibwa ndani ya udongo wa mfinyanzi, maji hayakupita, na yakatoka yanang'aa kama kioo. Mwaka 2001, kwa kutumia sampuli za awali zilizookotwa juu ya ardhi, zikiwamo za Tanzania, Pearson na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba bahari za tropiki za kale zilikuwa na joto la nyuzi 28 hadi 32, tofauti na makadirio ya nyuma yaliyozifanya zionekane za baridi kiajabu. Leo mtu anapotabiri dunia itakavyokuwa hewa ikizidi kujaa ukaa, sehemu ya ushahidi anaoutegemea imetoka kwenye tope la Kilwa.

Sasa tuje kwenye fedha. Waingereza wana udongo wao wa Jurasiki, uitwao Oxford Clay, wenye umri wa miaka kama milioni 160. Kusini mwa Peterborough uligunduliwa kuwa na mabaki mengi ya viumbe kiasi kwamba tofali lake likiingia tanurini linasaidia kujichoma lenyewe, makaa ya mawe yanayohitajika yanakuwa machache. Kwa sababu hiyo mamilioni ya nyumba za London na miji mingine zilijengwa kwa matofali hayo, na mashimo ya wachimbaji yakatoa samaki na wanyama wa bahari wa kale waliojaza makumbusho. Kiwanda cha Stewartby, kilichowahi kutajwa kuwa kikubwa kuliko vyote duniani, kilifungwa mwaka 2008. Wafyatuaji wa Kibiti na Ikwiriri hawana bahati hiyo. Udongo wao ni wa mto, haujafikia kubeba mafuta ndani yake, hivyo kila tanuri la matofali ya kuchoma linakula miti.

Kwetu udongo wa Jurasiki haukwenda kwenye ukuta wa nyumba moja kwa moja. Ulikwenda kwenye umeme. Kadiri ulivyozikwa ndivyo joto la ardhini lilivyoyapika mabaki ya viumbe ndani yake, na wataalamu wengi wanahusisha gesi ya pwani yetu na miamba ya udongo ya zama hizo. Gesi ilipanda hadi kwenye mchangamawe ulio juu, ikataka kuendelea kupanda, ikakutana na tabaka jingine la udongo wa bahari. Hapo ikakwama. Mwaka 1974 kampuni ya AGIP ya Italia iliikuta chini ya kisiwa cha Songo Songo. Ikakaa huko miaka 30 mingine, hadi 2004 ilipoanza kusukumwa kupitia Somanga, kuvuka bonde la Rufiji, hadi mitambo ya Ubungo na kiwanda cha saruji cha Wazo. Ukiongeza jasi ya Makangaga, ambayo viwanda vya saruji nchini huihitaji ili saruji isigande kabla fundi hajaimwaga, unaona kwamba mfuko wa saruji katika duka la vifaa Kibiti una deni kwa bahari ya Jurasiki zaidi ya mara moja.

Kizuizi hicho cha udongo hakikosi nyufa. Wingayongo, katika bonde la Rufiji, kuna mchangamawe uliolowa lami, ishara kwamba mafuta yalifika karibu na juu ya ardhi na sehemu yake nyepesi ikapotelea hewani. Luhoi kuna chemchemi za maji moto, ambazo kampuni ya serikali ya jotoardhi imeziweka kwenye orodha ya maeneo yake ya utafiti. Mahali ambapo ardhi imekatika, udongo hauwezi kuzuia kila kitu.

Kuna hazina nyingine, na hii haijazikwa. Delta ya Rufiji ina takriban hekta 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko wote wa aina hiyo Afrika Mashariki, na tangu 2004 imo katika eneo la ardhioevu la Ramsar la Rufiji, Mafia na Kilwa. Yote hayo yamesimama juu ya tope linaloletwa kila mwaka kutoka bara. Karibu theluthi mbili ya maji hutoka Kilombero, mengine Luwegu na Ruaha Mkuu, kwa hiyo tope la Mbuchi lilikuwa mlima wa Njombe au shamba la Iringa. Mikoko hulishika, kambamiti huzalia humo, mpunga hupandwa humo. Watu wamelitegemea kitambo kirefu: Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika mwaka 1999 kuhusu shanga za Kirumi zilizopatikana eneo hilihili, dalili kwamba wakazi wa delta walikuwa wakifanya biashara na dunia ya mbali wakati wakifinyanga vyungu vyao.

Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa, na Februari 2024 mtambo wa kwanza ukazalisha umeme. Uwezo wake kamili ni megawati 2,115, na sioni Mtanzania wa kuulaumu umeme huo. Lakini bwawa lolote hukamata tope, na mito yote mitatu niliyoitaja huingia Rufiji juu ya ukuta wake. Ardhi ya delta hudidimia kwa asili. Kilichoiweka juu ya maji miaka yote ni tope jipya. Likipungua, bahari inapata nafasi, na maji ya chumvi yanaingia mashambani. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozamisha vijiji vya Rufiji na Kibiti yaliwafanya watu wengi wazungumzie wingi wa maji. Tope lililobaki bwawani halikutajwa sana, ingawa mkulima wa Ruaruke ataulizia hilo kwanza akirudi shambani msimu ujao na kukanyaga.

Kulipima si kazi ngumu. Vigingi vichache vya kusoma kina cha tope, vilivyopigwa kwenye mikoko ya kaskazini na kusini mwa delta na kusomwa kila mwaka, vingetupa takwimu ndani ya miaka mitano. Vijana wa vijijini wanaweza kuvisoma wenyewe, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wa jiolojia na wa sayansi za bahari wa kuwafundisha.