Asali OG ama Sukari Imevaa Suti? Mbona Kiberiti Hakiwezi Kukuambia Ukweli

Ukitaja Siakago hapa Nairobi, wasee wengi watakuambia muguka. Fiti, hiyo ni ukweli. Lakini hiyo side ya Mbeere Kaskazini, Embu County, iko na kitu kingine wazee wamekijua toka kitambo: asali. Ni eneo kavu, jua ni ile ya kuchoma, miti ya miiba iko kila mahali na nyuki wanapenda hayo maua. Mizinga ya gogo inatundikwa juu ya miti (mzinga ya nyuki, si ile ya Furahiday).

Ngori inaanza hiyo asali ikifika tao. Msee anakuletea chupa, anaapa ni OG. Hauamini. Unatoa kiberiti, unatia asali, unawasha. Kikiwaka unalipa, kikikataa unaenda. Unajiona mjanja sana.

Pole, hapo hakuna kitu umepima.

Hizi majaribio za mtaa zinapima nini?

Kiberiti kinapima maji tu. Asali iliyoiva huwa na maji kidogo, kawaida chini ya asilimia 20, na hiyo ndiyo kipimo ya kimataifa ya chakula inataka. Sasa, msee akichemsha sukari mpaka ikuwe nzito, hiyo sirapu pia ina maji kidogo. Kiberiti kitawaka vizuri tu. Na asali halali iliyovunwa kabla haijaiva inaweza kukizima.

Ile ya kudondosha kwa glasi ya maji ni stori hiyo hiyo. Kitu nzito kinazama, kikuwe asali ama sirapu. Na ile ya sisimizi? Hao wanakula sukari yoyote, hawajawahi kuwa maafisa wa KEBS.

Rangi nayo? Watu wanaamini asali nyeusi yenye harufu ya moshi ndiyo ya kijijini, ya ukweli. Rangi inategemea sana maua nyuki walitembelea. Moshi ni ule wa kufukuza nyuki wakati wa kuvuna, ukizidi unaingia kwa asali. Na sukari ikiungua pia inakuwa brauni. Kwa hivyo unaweza lipia moshi ukidhani unalipia asali.

Kuganda ndiyo imeharibu biashara

Hapa ndiyo wanunuzi wa tao tunakosea vibaya zaidi. Asali ikiganda chini ya chupa, mtu anasema, "Umeona? Hii ni sukari wameweka." Anarudisha, anamchafulia muuzaji jina kwa mbogi yote.

Kumbe asali nyingi za ukweli huganda. Ndani yake kuna sukari mbili kubwa, glukosi na fruktosi. Glukosi ni nyingi kuliko maji iliyoko inaweza kuibeba, so pole pole inajitenga na kuwa chenga. Nyingine inaganda kwa wiki kadhaa, nyingine inakaa miezi, inategemea maua. Baridi ya kama digrii 14 ndiyo inaharakisha zaidi. Sasa cheki: asali imetoka Siakago kwa joto ikiwa laini, ikafika Nairobi mwezi wa Julai, ikaganda kwa kabati yako. Hakuna mtu ameongeza kitu. Ni hali ya hewa tu.

Lakini muuzaji amejifunza. Anajua unataka asali inayong'aa, inayotiririka, mwaka mzima. Atafanya nini? Anaweza kuichemsha sana ili ikawie kuganda, na hapo harufu na vimeng'enya vinapotea. Ama atatafuta sirapu ambayo haigandi. Mfugaji wa nyuki kule Mbeere mwenye asali safi iliyoganda anabaki nayo, ama anaiuza kwa bei ya kutupa. Feki inashinda kwa sababu inafanana na ile picha ya "original" iliyo kwa kichwa yako.

Kichwa pia inaonja

Usijilaumu sana, ndiyo vile binadamu ameundwa. Mwaka wa 2008, watafiti wa Marekani walipea watu mvinyo huku wakiwatajia bei. Divai ile ile moja ilionjwa mara mbili, ikiitwa ya dola 10 na ikiitwa ya dola 90. Watu walisema ya dola 90 ni tamu zaidi, na hata sehemu ya ubongo inayohusika na raha iliwaka zaidi. Divai haikubadilika. Bei tu.

Asali ni vile vile. Ikiwa kwa chupa ya pombe ya zamani kando ya barabara, unaionja ukiwa na picha ya shosho na kijiji. Ikiwa na leibo ya dhahabu supamaketi, unaonja "afya".

Na si sisi tu. Machi 2023, Tume ya Ulaya ilitoa matokeo ya asali iliyokuwa inaingizwa kwa soko lao. Kati ya sampuli 320, 147 zilishukiwa kuwa na utapeli. Hiyo ni asilimia 46, na wako na maabara za nguvu. Maabara inaweza kutambua sirapu ya miwa au mahindi kwa kupima kaboni, kwa sababu hiyo mimea inatengeneza sukari kwa njia tofauti na maua mengi ya nyuki. Watapeli wakahamia sirapu ya mchele, ambayo inapita hiyo kipimo. Kama maabara inachezwa hivyo, kiberiti chako ni nani?

Sasa ununue aje?

Angalia vile wazee wa Mbeere walifanya. Asali ilikuwa ya ruracio na ya kutengeneza muratina. Hawakuwa na maabara, lakini walijua imetoka kwa nani. Ukileta takataka kwa wakwe, aibu ni yako na ya familia yenu.

Hiyo ndiyo akili ya kutumia. Moja, tafuta muuzaji mmoja mwenye anaweza kukuambia asali imevunwa wapi na lini, na ukae naye. Ladha na rangi zikibadilika kidogo kila msimu, usishtuke, maua pia yanabadilika. Mbili, ukipata ikiwa bado kwa masega, chukua, ni ngumu zaidi kuigiza. Tatu, yenye leibo, angalia alama ya KEBS na utume namba iliyo chini yake kwa SMS 20023 uone kama kibali ni halali. Kibali halali hakimaanishi hiyo chupa yako imepimwa, lakini angalau kuna mtu wa kushikwa.

Na Julai ikiganda, weka chupa kwa maji ya uvuguvugu, usichemshe, itarudi laini. Halafu mpigie muuzaji wako simu, umwambie akuwekee ingine.