Daftari la Saa Zako Haliko kwa Bosi

Tukizungumzia uwiano wa kazi na maisha ya nyumbani, huwa tunaanza na mwajiri: apunguze mzigo, aongeze watu, aache kutuma ujumbe usiku. Madai hayo ni ya haki. Lakini kuna jambo moja ambalo mwajiri hata awe mwema vipi hawezi kulifanya, nalo ni kujua jumla ya saa zako. Mkuu wa kitengo anaiona ripoti aliyoiagiza yeye; mwenzake wa kitengo cha pili anaiona yake. Ofisa utumishi anaona muda wa kuingia na kutoka. Hakuna kati yao anayeiona foleni ya Dar es Salaam ya kutoka Mbagala hadi Posta, wala kompyuta iliyofunguliwa upya saa nne usiku watoto wakishalala, wala Jumamosi iliyoishia kwenye simu. Anayeyaona yote kwa pamoja ni wewe peke yako. Ndiyo maana kuhesabu ni wajibu wako, hata pale ambapo lawama ya mzigo ni ya mwingine.

Wapo watakaosema hawahitaji kuhesabu, kwa kuwa mwili ukichoka utasema wenyewe. Utafiti hauungi mkono imani hiyo. Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha jaribio ambamo baadhi ya watu walilala saa nne kila usiku, wengine sita, wengine nane, kwa siku 14. Waliolala saa sita au pungufu waliporomoka kwenye majaribio ya umakini hadi kufanana na mtu aliyekesha, baadhi yao hata kama aliyekesha usiku mbili mfululizo. Walipoulizwa kama wana usingizi, majibu yao hayakuonyesha anguko hilo. Walizidi kuharibika huku wakijiona wako sawa. Kwa upande wa afya, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria mwaka 2021 kwamba watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Hatari ya kiharusi kwa wanaofanya saa hizo ilikuwa juu kwa asilimia 35 kuliko kwa wanaofanya saa 35 hadi 40. Madhara ya namna hii hujijenga miaka na miaka kabla ya dalili ya kwanza, kwa hiyo anayesubiri kujisikia vibaya amechelewa.

Labda basi sheria itakuhesabia? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika mzunguko wa wiki nne. Gawa 50 kwa nne, jumlisha na 45, unapata saa 57 na nusu. Mtu anaweza kufanya kazi kihalali kabisa, akalipwa saa za ziada mara moja na nusu, na bado akawa ameuvuka mstari wa saa 55. Hapo hatujaigusa foleni. Tena vifungu vya saa za kazi havimhusu meneja anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Siku anayokatiwa keki ofisini kwa kupandishwa cheo, ndiyo siku ukomo wa saa unapomtoka.

Hesabu ina faida pale inapogeuzwa kuwa mazungumzo. Chukua mhasibu. Kodi ya mishahara (PAYE) inatakiwa ifikapo tarehe 7, ritani ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) tarehe 20, na mwisho wa mwezi kuna kufunga vitabu. Hakuna la ghafla hapo, ila ofisi nyingi huishi kila mwezi kana kwamba tarehe 7 imezuka jana. Mhasibu aliyeandika saa zake kwa miezi michache ataona kilele kiko wapi na kinajazwa na nini. Huenda akakuta kwamba si kodi yenyewe inayomkesheza, bali risiti za mashine za EFD na vocha za safari ambazo idara nyingine humletea dakika ya mwisho. Akienda kwa mkuu wake kusema amezidiwa, ataambiwa avumilie. Akienda na pendekezo kwamba vocha zipokelewe mwisho tarehe 25, na kwamba baada ya tarehe 20 yeye ataondoka saa kumi na moja, kuna kitu cha kujadili. Na aende mapema, kabla kilele hakijafika, kwa sababu aliyechoka hukubali chochote ili mazungumzo yaishe.

Pingamizi kubwa ni hofu: wanaoitaka kazi yako wako mlangoni, na anayeweka mipaka ataonekana mvivu. Hofu hiyo ina msingi. Mtafiti Erin Reid, katika utafiti wa mwaka 2015 kwenye kampuni moja ya ushauri nchini Marekani, aliona kwamba walioomba rasmi kupunguziwa kazi walishushwa kwenye tathmini, wakati waliopunguza kimyakimya walisifiwa sawa na waliojitoa mhanga. Wakubwa hawakuweza kuwatofautisha. Siwezi kumshauri mtu adanganye, lakini matokeo hayo yanaonyesha kwamba kinachoadhibiwa ni ombi la mtu mmoja aliyejitokeza. Leslie Perlow wa Harvard alijaribu njia nyingine ndani ya kampuni ya ushauri ya Boston Consulting Group: timu nzima ilikubaliana kila mtu awe na muda wake wa mapumziko kila wiki, unaojulikana kabla. Kazi za wateja hazikuharibika, na timu zikawa zinapashana habari vizuri zaidi.

Wapo ambao ushauri huu kwao ungekuwa kejeli. Muuguzi wa zamu ya usiku aliye peke yake wodini hawezi kumwacha mgonjwa ati saa zake zimetimia. Hata hivyo, zamu zake zikiandikwa kwa tarehe pamoja na idadi ya wagonjwa, chama chake cha wafanyakazi, TUGHE kwa mfano, kinakuwa na cha kuweka mezani zaidi ya malalamiko. Dereva wa bodaboda anayedaiwa hesabu kila jioni na mwenye pikipiki, yeye daftari lake halina pa kupelekwa. Anachohitaji ni mkataba wa aina nyingine, na huo hawezi kuupata akiwa peke yake.