Komredi, nafasi hazina mjomba tu

Uko mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, na tayari umeambiwa kuwa nafasi za uanagenzi ni za wenye mjomba ofisini. Kauli hiyo itakuponza: hutumi maombi, halafu unalalamika umenyimwa.

Hebu tazama ulipo. Mjini humo humo kuna kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, kilichoanzishwa 1989, kinachochunguza malaria na maradhi mengine. Kule Watamu kuna mashirika yanayolinda kasa na matumbawe. Wenzako wa vyuo vya mbali wanazimezea mate nafasi hizo. Wewe unazipita kwa bodaboda.

Ushindani upo, tena mkali. Anayesoma maombi ana rundo mezani, na barua ya "nina bidii na napenda kujifunza" hufanana na zote. Andika ulichokifanya hasa: "Nilihesabu miche ya mikoko iliyoshika na iliyokufa Mida." Sentensi hiyo haina mwenziwe kwenye rundo.

Barua ya mapendekezo nayo usimwombe mhadhiri usiku wa mwisho. Mpe wiki tatu, pamoja na maelezo ya nafasi unayoitaka. Anayekukumbuka kwa maswali yako darasani ataandika mengi kuliko alama zako.

Ukikataliwa, uliza kwa adabu kilichopungua, kisha jaribu tena. Upendeleo upo, tusidanganyane. Lakini fomu ambayo hukuituma haikuangushwa na mjomba wa mtu.